Mdogo wangu, foleni ya maji na daftari: kuishi na mwenye ulemavu wa akili katika ploti ya kupanga

Fundi wa Kaptembwo (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaandika kutoka Kaptembwo, mtaa wa hapa Nakuru, ninakoshona nguo na kuishi na mdogo wangu wa miaka 26 katika ploti yenye vyumba kumi na vinne, bomba moja la maji na vyoo viwili. Mdogo wangu ana ulemavu wa akili pamoja na usonji (autism), na hasemi. Tangu nilipomleta mjini baada ya mama yetu kufariki, kwa karibu miaka miwili alikuwa akirusha mitungi ya wapangaji, akijipiga makofi shavuni mpaka likavimba, na mara mbili aliwauma watu waliojaribu kumshika kwa nguvu. Nimewahi kupewa notisi ya kuhama huku nguo za wateja zimejaa mezani. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu wa ploti ya pili alimrudisha mwanawe kijijini akafungiwe chumbani, na mama huyo si mkatili. Amechoka, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi iliyopo ya kufanya kabla ya kufikia kamba na kufuli.

Wataalamu huziita tabia za namna hii "tabia zenye changamoto". Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza niliona ni kupaka asali juu ya kidonda. Baadaye nikaelewa shabaha yake: changamoto haimo ndani ya mtu huyo peke yake, imo pia kwetu tunaomzunguka, maana ni sisi tunaotakiwa kutafuta chanzo. Mtu asiye na maneno akiumwa na jino, akizidiwa na kelele, akitaka chakula au akitaka kuachwa, atasema kwa mikono, kwa meno, na kwa kugonga kichwa ukutani. Ukimfunga mikono umemnyamazisha, na jino bado linauma.

Mahali pa kwanza nilipotafuta msaada palikuwa nyumba moja ya kutunza watu wenye ulemavu, ambayo sitaitaja. Siku ya kumtembelea nilimkuta amefungwa kiunoni kwa kitambaa kwenye kiti cha mbao, shati limelowa mate, na mtunzaji akanieleza kwa upole kabisa kwamba "hapa hasumbui". Nilirudi naye nyumbani siku hiyo hiyo kwa matatu, akiwa ameshika ncha ya leso yangu njia nzima. Mahali pa pili palikuwa zahanati, nako nikapewa dawa zilizomlaza hadi saa sita mchana, akawa anaamka mikono ikitetemeka. Mahali pa tatu palikuwa maombi. Kanisa letu lilitulisha mwezi mzima na sitalisahau, ila baadhi ya waumini waliamini ni pepo, na mtu akishaamini kwamba ni pepo hana tena haja ya kuuliza kama kuna mahali panapouma.

Aliyenifungua macho ni mteja, mwalimu mstaafu wa kitengo maalumu, yaani darasa la watoto wenye ulemavu, aliyekuja kupunguziwa sketi. Alimkuta mdogo wangu amejikunja pembeni baada ya vurugu ya asubuhi, akaniuliza swali moja: "Hufanya hivyo saa ngapi?" Nikamjibu, "Wakati wote." Akatikisa kichwa, akaniambia hakuna binadamu anayefanya jambo wakati wote. Akaniagiza ninunue daftari la kurasa 96 na kulichora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Nisiandike maoni, wala "amekasirika bila sababu", bali kile tu ambacho jicho limeona.

Hivi ndivyo ulivyo mstari mmoja wa wiki ya kwanza, neno kwa neno: "Jumanne, saa 12:40 asubuhi. Maji yamekuja, watu tisa kwenye bomba. Amesimama mlangoni ameshika mkanda wa suruali. Ametupa mtungi wa manjano wa mama wa chumba cha sita. Watu wametawanyika. Ameenda chooni."

Ilinichukua wiki tatu kuiona ile sentensi ya mwisho, ingawa niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Katika matukio kumi na moja ya kurusha mitungi, tisa yalikuwa Jumanne na Ijumaa, ambazo kwetu ni siku za mgao wa maji, na yote tisa yalitokea kabla ya saa mbili asubuhi. Foleni ya mitungi ilipita mbele ya mlango wa choo. Mdogo wangu havumilii kuguswa na watu wengi kwa wakati mmoja, hana neno la kusema "nipisheni", na alikuwa ameamka na haja. Alirusha mtungi mara ya kwanza, pengine kwa kuchanganyikiwa tu, watu wakakimbia na njia ikawa wazi. Kuanzia hapo sisi wenyewe tulimfundisha, kila Jumanne na kila Ijumaa, kwamba mtungi ukiruka njia hufunguka.

Tulifanya mambo matatu. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, alikubali foleni ihamie upande wa pili wa ukuta, akachora mstari mweupe sakafuni ili mitungi isiuvuke. Mimi nikaanza kumwamsha mdogo wangu saa kumi na moja na nusu katika siku hizo, kabla ya umati. La tatu ndilo lililokuwa na jasho. Nilimtengenezea kibao chekundu cha ukubwa wa kiganja, nikakitoboa na kukifunga kwa uzi kwenye mkanda wake, na maana yake ikawa moja tu: nipishe, naenda chooni. Tulianza chumbani, akiwa ametulia na hana haja yoyote. Ninasimama mlangoni, ninauongoza mkono wake kwa chini, kibao kinanigusa, mimi ninapisha papo hapo. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, mpaka nikaacha kumwongoza mkono. Kisha uani pasipo watu, kisha mbele ya majirani wawili, kisha foleni nzima. Mwalimu yule alinisisitizia kwamba kibao lazima kiwe chepesi na cha haraka kuliko mtungi, la sivyo ataurudia mtungi, na akiurudia atakuwa na haki.

Aliurudia mara moja. Kijana mmoja mgeni alipokea kibao, akakigeuzageuza akicheka, wala hakupisha. Mtungi uliruka. Siku hiyo niliandika kwenye daftari kwamba alisema kwa adabu na hakujibiwa.

Kuhusu yale makofi, daftari lilionyesha kwamba yalikuwa upande wa kushoto tu, wakati wa kula na usiku. Daktari wa meno alikuta gego la kushoto limeoza mpaka mzizini. Kwa muda wote ule tulikuwa tukimshika mikono na kumwambia aache.

Natamani kusikia kutoka kwa walezi wengine, na pia kutoka kwa majirani.

Mpangaji wa Rhonda

Dada Fundi, pole kwa uliyoyapitia. Mimi ninaandika kama jirani, tena jirani mwenye hofu. Katika ploti yetu yupo kijana mkubwa wa mwili ambaye wakati mwingine hukimbia akipiga milango, na mimi nina watoto wawili, wa miaka mitatu na mitano. Simchukii. Lakini nikisikia watu wakisema jamii imkubali, huwa ninajiuliza ni nani atakayeukubali uso wa mwanangu ukiumizwa. Je, tunatakiwa kufanya nini wakati jambo lenyewe linatokea, pale mlangoni, kabla ya daftari wala kibao?

Fundi wa Kaptembwo

Baba watoto, hofu yako ni ya haki, na mlezi anayeidharau hofu ya jirani anajikatia tawi alilokalia. Mimi mwenyewe niliitisha kikao uani na kuwaeleza wapangaji tutakavyofanya. Watoto huingizwa ndani kwanza, kimya kimya, pasipo mayowe. Anayezungumza awe mmoja tu, yule anayemfahamu zaidi, kwa sauti ya chini na maneno machache, kwa sababu watu sita wakimwelekeza kwa pamoja anasikia kelele mara sita. Mwachieni nafasi na njia ya kutokea; usimsimamie mbele wala usimkazie macho. Ondoeni vitu vinavyorushika ikiwa mnaweza kufanya hivyo bila kumkaribia. Asipigwe, asimwagiwe maji, na asirekodiwe kwa simu. Video ya mdogo wangu iliwahi kuzungushwa mtaani, na watu wasiomjua wakawa wanampigia miluzi barabarani ili alipuke.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: msimlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni. Mtu aliyelazwa hivyo, huku anapambana, anaweza kushindwa kupumua na akafa mikononi mwa watu ambao hawakukusudia kumuua. Ikiwa anaelekea barabarani au kwa mtoto, mzuieni kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, akiwa amesimama au ameketi, kisha mwachilieni mara hatari ikipita.

Pia mtafute mlezi wa kijana huyo siku ambayo kila kitu ni shwari. Muulize ni kitu gani humsumbua. Yamkini ataanza kulia kabla hajakujibu, kwa kuwa watu humfuata siku za ugomvi tu.

Mwalimu wa Kitengo, Kakamega

Nimefundisha kitengo maalumu katika shule ya msingi kwa miaka mingi, na ninataka kuongezea kidogo juu ya ile safu ya nne ya daftari, kwa sababu ndiyo ambayo walezi wengi huiacha wazi.

Kinachofuata baada ya tabia ndicho kinachoieleza. Kwa kawaida tunatafuta mambo manne. Mtu anaweza kuwa anakwepa jambo, kama vile kuoga kwa maji baridi, kazi asiyoielewa au umati. Anaweza kuwa anatafuta kuangaliwa na kushughulikiwa, hata kwa kukaripiwa, kwa sababu mtu anayeshinda mchana kutwa peke yake huona kukaripiwa ni afadhali kuliko upweke. Anaweza kuwa anataka kitu fulani, au anafuata hisia za mwili wake, iwe ni raha anayoipata kwa kujibembeza au ni maumivu. Kosa linalotuponza ni kuliona tendo moja tukadhani lina chanzo kimoja. Nimewahi kuwa na wanafunzi wawili waliokuwa wakijiuma mkono kwa namna ile ile. Mmoja alijiuma ili kazi iondolewe mezani, mwingine alijiuma kazi ilipokwisha kwa kuwa alitaka iendelee. Kama ningewapa wote wawili mapumziko, ningemsaidia mmoja na kumwongezea mwenzake taabu.

Kibao cha Dada Fundi kina msingi katika utafiti. Mwaka 1985, Carr na Durand huko Marekani walionyesha kwamba watoto waliofundishwa njia ya mawasiliano yenye kuwaletea kile kile ambacho tabia ya vurugu ilikuwa ikiwaletea, walipunguza vurugu. Sharti ni kwamba ujumbe uendane na sababu. Mtoto anayekwepa kazi ukimfundisha kuomba kuangaliwa, hujamsaidia.

Na tahadhari: mkiamua kwamba mayowe hayatamletea tena kile yalichokuwa yakimletea, tazamieni siku kadhaa ambazo mayowe yatapanda juu kuliko mwanzo. Walezi wengi hukata tamaa hapo hapo, wakampa anachotaka, naye akajifunza kwamba inabidi apige mayowe makubwa zaidi. Kwa hiyo msianze mpango wiki ya matanga au ya mitihani, na msianze kabla hamjampa njia nyingine ya kusema. Kumnyima tu bila kumfundisha ni ukatili unaojiita nidhamu.

Muuguzi Mstaafu, Kisumu

Ninaomba nizungumzie mwili, kwa maana katika miaka yangu ya kliniki niliona watu wengi wakipewa dawa za kutuliza ilhali tatizo lilikuwa sikio lenye usaha, choo kigumu cha wiki nzima, minyoo, au jino kama la huyu ndugu yetu. Tabia mpya iliyozuka ghafla kwa mtu asiyesema ichukuliwe kuwa ni maumivu mpaka apimwe. Kwa wasichana na wanawake, linganisheni tarehe za daftari na tarehe za hedhi.

Jambo la pili ni kifafa, ambacho huandamana mara nyingi na ulemavu wa akili. Baada ya degedege mtu anaweza kuwa amechanganyikiwa kwa dakika kadhaa au zaidi, na akishikwa kwa nguvu wakati huo hupambana bila kujua anapambana na nani. Huyo hakukusudia kumpiga mtu. Tena fenobabitoni, dawa ya kifafa inayopatikana kwa bei nafuu katika zahanati nyingi, inaweza kuwafanya baadhi ya watu, hasa watoto, wawe wepesi wa hasira na wasiotulia. Mkiona hivyo rudini kwa daktari mkiwa na daftari mkononi. Msiikatize wenyewe, kwa sababu kuiacha ghafla huweza kuleta degedege mfululizo, na hilo linaua.

Dawa za kutuliza kama haloperidoli zina mahali pake pale ugonjwa wa akili umethibitishwa. Zikitolewa ili mtu asisumbue tu, mlezi ana haki ya kuuliza: zinatibu nini, tutajuaje kwamba zinafanya kazi, na zitapunguzwa lini? Mikono kutetemeka, shingo kukakamaa, au mtu kushindwa kabisa kuketi mahali pamoja, ni madhara yanayojulikana. Hilo la kutotulia limewahi kudhaniwa kuwa ukorofi, na mgonjwa akaongezewa dozi ya dawa ile ile iliyomtia katika hali hiyo.

Mpangaji wa Rhonda

Asanteni. Nimeuliza. Mama wa kijana huyo amenieleza kwamba mwanawe hukimbia pikipiki zinapopigisha ekzosi (bomba la moshi) langoni. Sikuwahi kufikiria. Swali la mwisho: mwenye ploti akisema familia ihame, sheria inasemaje?

Fundi wa Kaptembwo

Mimi si wakili, lakini nilipopewa notisi nilisoma. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Yale majina ambayo watoto wa mtaani humtupia mdogo wangu yamekatazwa na Katiba yenyewe. Ibara ya 29 inamkinga kila mtu dhidi ya kutendewa au kuadhibiwa kikatili. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Ibara ya 19 ya mkataba huo inasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuishi katika jamii kama wengine, pasipo kulazimishwa kukaa katika makazi fulani waliyopangiwa. Sheria ya mwaka 2003 ilikuwa tayari imeharamisha kumficha mtu mwenye ulemavu kwa namna ya kumnyima huduma, na sasa tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025.

Hata hivyo sikwenda kwa mwenye ploti na Katiba mkononi. Nilikwenda na keateka, mzee wa nyumba kumi na daftari, nikamwonyesha safu ya nne na ule mstari mweupe niliotaka uchorwe. Alikuwa mtu wa kusikia. Asingesikia, ningekwenda kwa chifu, kisha ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hapa katika kaunti.

Mambo ya sheria yasitufanye tusahau ya tumboni. Fedha ambazo mpango wa Inua Jamii huwapa watu wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakilipi kodi ya chumba, seuze mtu wa kukaa naye ili mlezi akafanye kazi. Mimi nina bahati kwamba cherehani iko mlangoni. Mama anayefua nguo za watu mitaa ya mbali anawezaje kuandika daftari? Anafunga mlango kwa kufuli asubuhi kwa sababu hana mtu, kisha sisi tunamhukumu. Kama kaunti zingelipia hata mahali pamoja pa kushinda mchana katika kila wadi, penye watu waliofunzwa, nadhani kufuli nyingi zingefunguka pasipo kampeni yoyote.

Mama wa Nyalenda

Nimesoma uzi huu usiku mzima. Binti yangu ana miaka 17, ana ulemavu wa akili, anasema maneno machache. Tangu mwezi wa pili amekuwa akivua nguo na kujiuma mkono, nyumbani na hata sokoni Kibuye, na watu wanacheka. Mama mkwe anataka apelekwe kijijini kwao Alego, akae huko asionekane. Sijui nianzie wapi.

Muuguzi Mstaafu, Kisumu

Mama, anza na hospitali, naye apimwe mwili mzima: ngozi, masikio, meno, mkojo, hedhi. Unasema jambo hili lilianza mwezi wa pili. Kwa msichana wa umri wake, mabadiliko ya ghafla hayana budi kutufanya tuulize pia, kwa utulivu na faraghani, kama kuna mtu aliyemgusa au kumtisha. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Ninasema asipelekwe mahali popote, wala asiachwe na mtu yeyote mpya, kabla swali hilo halijaulizwa na mhudumu aliyezoea kuzungumza na wasichana kama yeye.

Fundi wa Kaptembwo

Mama, nakuomba usimpeleke Alego kwanza. Huko hatakuwa na aibu ya soko, lakini chanzo tutakuwa tumekifungia naye chumbani. Nunua daftari leo. Usiandike "amevua nguo" tu. Andika ni nguo gani, ni ya kitambaa gani, jua lilikuwaje, nani alikuwa karibu. Tuletee hapa mistari michache.

Mama wa Nyalenda

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Hospitali wamemkagua, nesi wa kike amekaa naye peke yao kwa muda mrefu, na hawakuona dalili ya jambo baya. Amepewa mafuta ya upele mdogo kiunoni. Mama mkwe amekubali tusubiri. Daftari hili hapa, matukio matano:

Jumatatu saa tano, nyumbani, rinda la bluu, analivua, nampa leso, anatulia. Jumatano saa sita, Kibuye, rinda la bluu, analivua, watu wanacheka, tunarudi. Alhamisi saa nane, nyumbani, rinda la kijani, anajiuma mkono, halivui. Jumamosi saa nne, rinda la bluu, analivua. Jumapili kanisani, rinda la bluu, anajiuma, halafu analivua.

Siku ambazo amevaa leso na fulana hakuna kitu.

Mwalimu wa Kitengo, Kakamega

Mama, umefanya kazi nzuri sana. Hilo rinda la bluu, ulilinunua mwezi gani?

Mama wa Nyalenda

Mwezi wa pili, mtumba. Nimeligeuza sasa hivi. Kiunoni ndani lina mpira mgumu uliokatika, na ncha yake imetokeza.

Fundi wa Kaptembwo

Usilitupe, Mama. Fumua mpira huo, ushone utepe laini wa pamba mahali pake, kisha mwache aliguse kwa mkono kwanza kabla ya kulivaa. Akilikataa, basi leso na fulana vinamtosha kwenda Kibuye. Lile la kijani liangalie pia, kwa sababu Alhamisi alijiuma bila kulivua, na huenda hilo ni jambo jingine. Endelea kuandika.